Mwanafunzi ajisahihishe mwenyewe: vidole, alama, simu au mwenzake?

Mama mmoja Mwitaliano, mkazi wa Malindi wa miaka mingi, alimwambia fundi wa mifereji aliyekuja kudai ujira wake, "Mume wangu ana pesa leo." Fundi akakaa barazani kusubiri. Mama alitaka kusema hana. Kiitaliano hakitamki h, kwa hiyo kinywani mwake "hana" na "ana" yalikuwa neno moja, na ukanushi wote ukamwagika njiani. Kesho yake alipotusimulia mkasa huo darasani, alilitamka vilevile, "nikamwambia ana pesa," kisha akatutazama akingoja tumwonee huruma. Hakulisikia kosa. Na neno hilo nilikuwa nimemsahihisha mimi mwenyewe mara zisizohesabika.

Siku hiyo ndipo nilipokubali kwamba masahihisho yangu yalikuwa hayafiki. Mimi nasema, yeye anaitikia "ndiyo, ndiyo", na kosa linarudi nyumbani salama salimini.

Nafundisha madarasa mawili hapa Malindi. Jioni ni Kiswahili kwa wageni, wengi wao Waitaliano. Asubuhi ni Kiitaliano kwa watu wa hapa: wahudumu wa hoteli, wapishi, wasusi, madereva wa tuktuk na vijana wa ufukweni. Kiitaliano katika mji huu si sauti ngeni. Wataalamu wa Kiitaliano walirusha setelaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, mwaka 1967, na baada yao wakaja wenzao waliofuata jua na bahari, wakajenga, wakakaa. Kwa hiyo makosa nayaona kutoka pande zote mbili: Mwitaliano anayesema "viatu yangu" na Mgiriama anayesema "ho andato" badala ya "sono andato", yaani nilikwenda.

Walimu wenzangu huniuliza ni njia ipi bora ya kumfanya mwanafunzi alione kosa lake na kulirekebisha kwa kinywa chake, badala ya kupewa jibu. Ziko nne ambazo nimezitumia muda wa kutosha kuzisemea. Nitazipima kwa vipimo vya aina moja, kisha uchague kulingana na darasa lako.

Tunachokifanya sote kwanza

Kabla ya hizo nne, kuna ile ambayo hatuichagui, inatutoka tu. Mwanafunzi anasema, "Nimeona watoto kubwa." Mwalimu anajibu, "Ah, umeona watoto wakubwa! Wapi?" Ni njia ya upole, na mazungumzo hayakatiki. Mimi sitaki kuidharau, kwa sababu mtu anaposimulia habari ya msiba wake huwezi kumsimamisha kwa ajili ya ngeli.

Lakini mwanafunzi husikia "Wapi?" na kujibu "Sokoni." Hilo "wa" la "wakubwa" limepita kama upepo. Roy Lyster na Leila Ranta waliwahi kuchunguza madarasa ya watoto waliofundishwa kwa Kifaransa huko Montreal, Kanada, na matokeo yao yalitoka mwaka 1997. Walikuta kwamba asilimia 55 ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya namna hii ya kurudia maneno yakiwa sahihi. Wanafunzi waliitikia kwa namna yoyote ile, hata ya kukosea tena, katika asilimia 31 tu ya masahihisho hayo. Mwalimu alipomwachia mwanafunzi sentensi aimalizie mwenyewe, waliitikia kila mara, asilimia 100. Hao ni watoto, tena wa Kanada, na darasa langu ni la watu wazima waliotoka kazini wamechoka. Hata hivyo, niliposoma takwimu hizo nilimwona yule mama na "ndiyo, ndiyo" yake.

Kateleza au hajui?

Swali hili linatangulia njia zote, na kwangu ndilo zito kuliko yote yatakayofuata. Mwaka 1967 mtaalamu wa isimu S. Pit Corder alitenganisha makosa ya aina mbili: lile la mtu anayeijua kanuni lakini ulimi umemponyoka, na lile linaloonyesha kwamba kanuni yenyewe bado haijakaa kichwani. Sisi tunalo neno tayari. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka.

Aliyeteleza anaweza kujisahihisha, kwa sababu jibu analo. Aliyejua nusu anaweza, ukimsaidia kidogo. Asiyejua kabisa hawezi, hata umnyamazie mpaka magharibi, na kumngojea mbele ya wenzake ni kumtesa. Nimewahi kumsimamisha mwanafunzi wa mwezi wa kwanza kwa sababu ya "mtu ambao", nikamwinulia nyusi, nikamwinulia vidole, naye akabadilisha kila neno katika sentensi isipokuwa hilo. Hatukuwa tumefika kwenye virejeshi, maneno kama "ambaye" na "ambao". Kosa lilikuwa langu.

Kipimo changu ni rahisi: naomba aseme tena. Akisema sahihi, aliteleza. Akirudia vilevile mara ya pili bila wasiwasi wowote, hajui. Hapo naacha kudokeza, nafundisha.

Tena kuna kisichokuwa kosa hata kidogo. Mwanafunzi wangu mmoja alikuja darasani akisema "ndoo hapa" badala ya "njoo hapa". Ulimi ulitaka kumsahihisha, nikauliza kwanza kalipata wapi. Kumbe kwa wavuvi Wabajuni anaonunua kwao samaki. Kaskazini mwa pwani hii, Kibajuni na Kiamu husema ndoo, husema ndia kwa njia, na mato kwa macho. Maneno hayo ni Kiswahili cha watu na nyumba zao, na hayastahili kuchorwa mstari mwekundu. Nilimwambia aandike yote mawili, na mbele ya kila moja aandike linasemwa na nani.

Vipimo vyenyewe

Kila njia nimeitazama kwa mambo manne. Nani analifikia jibu, mwanafunzi au mwalimu? Inakula muda gani, wa darasani na wa nyumbani? Heshima ya mtu inabakije mbele ya wenzake, maana darasa la watu wazima pwani lina baba na mwanawe, tajiri na mfanyakazi wake? Na ni makosa gani inayanasa, yapi yanaipita?

Vidole na ukimya

*Inavyofanyika.* Mwanafunzi anasema, mwalimu ananyamaza, anahesabu sentensi kwa vidole na kusimama penye kasoro. Njia hii ilivuma kupitia Caleb Gattegno, mwalimu mzaliwa wa Aleksandria, Misri, aliyetaka mwalimu anyamaze zaidi ili mwanafunzi afanye kazi zaidi.

Kwa Kiswahili vidole vina faida kubwa kuliko lugha nyingi, kwa sababu kitenzi chetu ni mlolongo wa viambishi vinavyoweza kuhesabika. Kijana mmoja alisema, "Ninapenda wewe." Niliinua mkono wa kushoto, vidole vinne, nikakigusa cha kwanza kwa kidole cha mkono wa kulia: ni. Cha pili: na. Cha tatu nikakikunja, nikaruka hadi cha nne: penda. Kisha nikakinyoosha kile kilichokunjwa, taratibu, nikamtazama bila kusema neno. Akautazama mkono wangu. "Nina... nina nani... nina-ku... Ninakupenda!" Hakuambiwa ku. Aliitoa mahali alipokuwa ameiweka wiki mbili kabla.

Asubuhi yake darasa la Kiitaliano lilikuwa na "Ieri ho andato al mercato", jana nilikwenda sokoni. Kidole cha pili. Dereva wa tuktuk akakaza macho, kisha: "Sono andato!" Kitenzi cha kwenda huchukua *essere* (kuwa), si *avere* (kuwa na). Alikuwa akilijua, ila *ho* ndilo linalokuja mbio kwanza.

*Nani analifikia jibu.* Mwanafunzi, kabisa, ikiwa mwalimu anavumilia ukimya. Sekunde tano za kimya darasani ni ndefu mno, na walimu wengi hushindwa kwenye ya pili.

*Muda.* Hakuna cha nyumbani wala maandalizi.

*Heshima.* Hapa ndipo penye udhaifu. Watu wote wanatazama. Kumnyooshea mtu kidole kwetu ni utovu wa adabu, kwa hivyo gusa kidole chako na kamwe usimwelekezee yeye. Mzee mmoja aliniambia baada ya darasa, kwa upole sana, kwamba niliponyamaza alidhani amenikasirisha. Tangu hapo darasa jipya naliambia siku ya kwanza maana ya ukimya wangu.

*Inachonasa.* Kiambishi kilichoachwa, upatanisho, mpangilio wa maneno. Matamshi hainasi, na neno lisilofaa mahali pake halinasiki vizuri.

*Inamfaa nani.* Darasa dogo lililozoeana, wanaoanza na wa kati, katika mazoezi ya kusema sentensi fupi. Haimfai anayesimulia kisa kirefu, maana utamkata kila hatua mpaka kisa kife.

Alama daftarini

*Inavyofanyika.* Mwalimu hasahihishi. Anapiga mstari chini ya kosa na kuweka herufi inayosema ni kosa la aina gani, basi. Daftari linarudi kwa mwenyewe, naye analirekebisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Zangu ni chache: NG kwa ngeli, NJ kwa njeo (wakati wa kitenzi), KN kwa kanusho, M kwa mahali, T kwa tahajia, N kwa neno lisilofaa, na kijipaa cha nyumba ^ mahali ambapo kitu kimepungua. Nilianza na alama kumi na tano. Wanafunzi walikuwa wakisoma jedwali la alama kuliko insha zao, nikazipunguza.

Hii ni sentensi iliyokuja hivi karibuni: "Jana mimi sijaenda soko kwa sababu mvua ilinyesha na viatu yangu ilipotea." Chini ya "sijaenda" niliweka NJ, chini ya "soko" M, na chini ya "viatu yangu ilipotea" NG. Daftari liliporudi lilisema: "Jana sikuenda sokoni kwa sababu mvua ilinyesha na viatu vyangu ilipotea." Tazama alivyofanya. "Sikuenda" kalipata. "Sokoni" kalipata. Ngeli karekebisha nusu: kimilikishi kimefuata viatu, kitenzi kimebaki nyuma. Nusu hiyo iliniambia jambo ambalo mtihani usingeniambia. Mwanafunzi huyu anaamini ngeli inakaa kwenye neno la jirani tu, haendi nayo hadi kwenye kitenzi. Nikaweka NG nyingine chini ya "ilipotea", na raundi ya pili ikaja "vilipotea".

Upande wa Kiitaliano alama inayofanya kazi sana ni ya jinsi ya nomino. Mswahili huandika *la problema* kwa sababu neno linaisha kwa a, na kanuni ya kwanza aliyofundishwa ni kwamba a ni ya kike. Lakini *problema* ni ya kiume, *il problema*, pamoja na *il clima* na *il programma*. Huwaambia kwamba jinsi ni ngeli mbili tu, na sisi tuliokua na ngeli za M-WA na KI-VI hatuwezi kushindwa na mbili. Tena hata sisi tunalo lile lisilofuata umbo lake: kifaru anaanza kwa ki, na bado tunasema kifaru *amekuja*.

*Nani analifikia jibu.* Mwanafunzi, kwa ngazi. Ukiendelea, punguza msaada: mwezi wa kwanza herufi chini ya neno, baadaye kitone pembeni mwa mstari wenye kosa, mwishowe idadi tu chini ya ukurasa, "manne", na ayatafute mwenyewe.

*Muda.* Mkubwa. Madaftari 15 hunila saa moja na nusu, na yakirudi raundi ya pili ni nusu saa nyingine. Ukiwa na wanafunzi 50 usijidanganye.

*Heshima.* Nzuri sana. Ni baina ya mtu na daftari lake. Wanawake wazima wa darasa langu ambao hawafungui mdomo mbele ya vijana hujisahihisha hapa kwa ujasiri kuliko wote.

*Inachonasa.* Sarufi, tahajia, njeo. Kinachoandikwa sahihi, hata hivyo, hakihami chenyewe kwenda mdomoni. Na wako wanaopinga njia nzima. Mwaka 1996 John Truscott alidai kwamba kusahihisha sarufi katika maandishi ya wanaojifunza lugha hakusaidii na kuachwe. Dana Ferris alimjibu mwaka 1999 kwamba hukumu hiyo imekuja mapema mno. Mimi nimeona yote mawili: daftari lililorudishwa na kuwekwa mkobani bila kuguswa halimsaidii yeyote, na lililorekebishwa darasani palepale, dakika kumi za mwanzo, linasaidia. Siku hizi sirudishi madaftari mwisho wa kipindi.

*Inamfaa nani.* Wa kati na wa juu, wanaosoma na kuandika bila shida, na mwalimu mwenye darasa la kadiri.

Simu: kujisikiliza

*Inavyofanyika.* Mwanafunzi anajirekodi kwa dakika moja, akisimulia jambo. Anajisikiliza. Anaandika alichosema neno kwa neno pamoja na makosa yake, bila kukipamba. Halafu anachukua kalamu ya rangi nyingine na kurekebisha. Mwalimu anatazama karatasi mwishoni.

Hii ndiyo niliyomletea yule mama wa "ana pesa", na mwanzoni haikufaulu. Alijirekodi, akajisikiliza, akaandika "hana". Sikio lilisikia alichokusudia, si alichosema. Nikarekodi mimi maneno mawili, "hana, ana", naye akarekodi yaleyale, tukayacheza moja baada ya jingine. Akatikisa kichwa: kwake yote yalikuwa sawa. Ndipo nikamwomba aweke kiganja mbele ya mdomo. "Hana," nikasema nami kiganja changu kikiwa mbele ya mdomo wangu, "inapiga pumzi mkononi. Ana haipigi." Akajaribu. Kiganja kikavu. Akajaribu tena, akasukuma, na nikamwona akiifunga na kuifungua mikono yake kama mtu aliyeguswa na kitu. Sikio lilikuwa limemnyima habari kwa miaka yote hiyo, kiganja kikampa kwa dakika mbili. Akarudi kwenye simu, na sasa akaisikia tofauti. Leo anasema hana, asipokuwa na haraka, na akiwa na shaka mkono unapanda mdomoni wenyewe.

Waitaliano hushindwa na h yetu. Sisi hushindwa na konsonanti zao maradufu. Mhudumu anayetaka kusema wana meza saba, *sette tavoli*, husema *sete*, ambayo ni kiu. *Pesce* ni samaki, hutamkwa kama "peshe". *Pesche*, inayosikika kama "peske", ni tunda la pichi. Mhudumu akimtajia mgeni *pesche* za kuchoma, mgeni atashangaa. Makosa haya vidole haviyafikii, na daftarini hayapo kabisa, kwa sababu mwanafunzi huyaandika sahihi.

*Nani analifikia jibu.* Mwanafunzi, pale ambapo sikio lake linaweza kulisikia kosa. Penye uziwi wa sauti fulani atahitaji mfano wa kulinganisha, au kiganja.

*Muda.* Dakika moja ya maneno huwachukua robo saa kuiandika. Kwa mwalimu ni kidogo.

*Heshima.* Hakuna anayemsikia mwenzake. Nina sharti moja: sauti ya mtu haiingii katika kundi la WhatsApp la darasa isipokuwa mwenyewe ameiweka. Wengine hawapendi kusikia sauti zao. Wape juma moja.

*Inachonasa.* Matamshi, kigugumizi cha njeo katika simulizi, maneno yanayorudiwarudiwa bila kujua.

*Inamfaa nani.* Mwenye simu inayorekodi na anayeweza kuandika. Kwa mzee aliyeacha shule mapema hatua ya kuandika ni ukuta, naye namwachia asikilize na kuisimamisha simu kila anaposikia kitu kisichokaa sawa.

Mwenzake

*Inavyofanyika.* Wawili wawili, kila mmoja anamsikiliza mwenzake au anasoma karatasi yake na kumwonyesha penye kasoro.

Malindi ina bahati ambayo miji mingi haina. Naweza kumketisha Mwitaliano anayejifunza Kiswahili na Mswahili anayejifunza Kiitaliano, nusu saa lugha hii na nusu saa ile. Kila mmoja ana lugha yake ya kumheshimisha, kwa hiyo hakuna anayejiona mdogo kwa muda mrefu. Hatari yake ni huruma. Mwenye lugha hupenda kutoa jibu mara moja, na hapo tumerudi kule kwa "ndiyo, ndiyo". Kwa hiyo nimewawekea kanuni: mwenye lugha anaruhusiwa kusema "sema tena" mara mbili. Jibu ni baada ya hapo.

*Nani analifikia jibu.* Mara nyingine mwanafunzi, mara nyingine mwenzake, na wakiwa wote wa kiwango kimoja mara nyingine hakuna. Nimekuta wawili wamekubaliana kwa furaha kwamba ni "rafiki wangu", kwa sababu rafiki ni mtu na mtu ni wa M-WA. Hawakufikiria vibaya hata kidogo. Rafiki yangu na ndugu yangu ni vichaka ambavyo hata kanuni zetu huvizunguka.

*Muda.* Hausomi daftari hata moja nyumbani.

*Heshima.* Hapa ndipo panapohitaji macho. Usimpange kijana wa miaka ishirini amsahihishe mzee wa mtaa wake, wala mfanyakazi amsahihishe tajiri wake; watasifiana tu saa nzima. Watu wasio na nafasi sawa nawatumia karatasi zisizo na majina: kila mmoja anaandika sentensi tatu, nazichanganya, nazibandika ukutani, na darasa zima linatafuta.

*Inamfaa nani.* Darasa kubwa, wa kati kwenda juu, na wanaojuana kiasi cha kutoogopana.

Kwa hali yako

Una watu sita hadi kumi na wawili, wanaanza, na kazi kubwa ni kusema: anza na vidole. Waeleze ukimya wako siku ya kwanza, na usiutumie kwa kanuni usiyoifundisha.

Una watu wazima wenye haya, wake kwa waume, au darasa lenye vyeo tofauti: alama daftarini na simu. Vidole viache mpaka watakapokuzoea.

Una wanafunzi 40 na mshahara wa mwalimu mmoja: wawili wawili na karatasi za ukutani kila juma, na madaftari ya alama kwa zamu, kumi kwa juma, ili kila mtu afikiwe mara moja kwa mwezi.

Mwanafunzi anaandika vizuri lakini akifungua mdomo watu hawamwelewi: simu. Na kama hasikii hata kwenye simu, tafuta sehemu nyingine ya mwili, kiganja kwenye pumzi, kidole kooni, kioo mbele ya midomo.

Anaongea kama maji ya mto lakini ngeli zake zimekwisha kuganda, kama wengi waliojifunzia Kiswahili sokoni: alama daftarini, ngeli moja kwa mwezi, nyingine zote zipite bila kuguswa. Ukiyashika yote atafunga mdomo, na hilo ni hasara kubwa kuliko "viatu yangu".

Na kama amekujia kijana aliyeajiriwa hotelini, wageni wanaingia juma lijalo na hana muda wa njia yoyote kati ya hizi, keti naye mtafute makosa mawili au matatu yanayogeuza maana kabisa, ya aina ya sette na sete. Ayarekodi hayo tu, asubuhi na jioni, akienda kazini na akirudi. *La problema* yake na iende naye hotelini. Msimu ukipoa, vyumba vikabaki vitupu na akapata nafasi, atarudi na daftari.